Nyama kubwa ya kwanza: namna wenzake wanavyomsaidia kijana kuwa mwindaji katika pori la Ituri

Mtoto wa Wambuti anapewa upinde mdogo wakati angali anajifunza kukimbia. Anapiga ndege, panya na vyura karibu na kambi, na wakubwa wanamsifu kidogo huku wakicheka. Hakuna anayemwita mwindaji. Jina hilo linamfikia siku anapoua nyama wa kweli: swala wa pori mwenye kutosha kugawa, nguruwe wa pori, ao mwingine mkubwa kupita hao. Kwa Kiswahili cha Ituri neno ni moja tu, nyama anayekimbia na nyama iliyo ndani ya chungu. Kijana akirudi na wa kwanza wake, watu wanamuuliza habari za vyote viwili kwa mara moja.

Lakini ukiuliza kambi nzima nani aliyemuua nyama huyo, jibu halitakuwa fupi. Kuko aliyefuma wavu, kuko aliyeuazimisha, kuko wanawake waliomtoa nyama kichakani kwa kelele, kuko rafiki aliyerukia miguu ya nyuma, na kuko kijana mwenyewe na mkuki wake. Uwindaji wa nyavu umepangwa hivyo tangu zamani: anayeanza hawezi kufaulu peke yake, na wenzake wanakula vibaya yeye akishindwa. Ndiyo sababu wanamsaidia. Upole upo, lakini njaa ipo pia.

Wambuti wote hawawindi namna moja. Wale wanaoishi karibu na Wabira, katikati na kusini mwa pori la Ituri, ndio watu wa nyavu. Upande wa kaskazini na mashariki, Waefe walio jirani na Walese wanatumia upinde na mishale. Wakulima wa vijiji vya barabarani nao wanawinda, zaidi kwa mitego. Makala hii inakaa sana kwa watu wa nyavu, sababu kwao ndiko msaada wa wenzake unaonekana wazi kuliko fasi zote.

Wavu unatoka wapi

Wavu wa Wambuti unafumwa kwa nyuzi za kamba ya porini inayoitwa kusa. Ganda lake linachunwa, linakaushwa, kisha nyuzi zinasokotwa juu ya paja kwa kiganja cha mkono, kidogo kidogo, jioni nyingi. Wavu mmoja uliokomaa una urefu wa meta 30 hadi 100, na kimo cha meta moja na kitu. Unachakaa, unakatwa na meno na kwato, na kila mara kuko fundo la kurudilia. Kijana asiye na mtu wa kumsokotea nyuzi atakaa miaka bila kuwa na wavu unaoitwa wavu.

Kwa hiyo msaada wa kwanza unafika mbele ya siku ya kuwinda. Mara nyingi mama anaanza kumfumia mtoto wake, ao mjomba anakata kipande cha wavu wake na kumpa. Kijana anaunganisha vipande, anaongeza vyake, na kidogo kidogo anapata urefu unaomruhusu kusimama kwenye mstari pamoja na wanaume. Kabla ya hapo anaazima.

Hapa kuko sheria moja ambayo watu wa mjini hawaizoei. Kati ya Wambuti, nyama ni wa mwenye chombo. Ukiazima wavu wa rafiki na nyama akakamatwa humo, nyama ni wa rafiki yako, hata kama alilala kambini siku nzima. Ukitumia mkuki wa mwingine kwa nyama mkubwa, ni vilevile. Wewe uliyefanya kazi unapata fungu lako, lakini si wewe unayekaa mbele ya kisu kwa kugawa. Kwa mtu wa nje inaonekana kama dhuluma. Ukiangalia kwa muda mrefu unaona faida yake: mzee asiyeweza tena kukimbia anaendelea kula kwa sababu ya wavu wake, na kijana asiye na kitu hakosi fasi ya kujifunzia. Mwenye chombo hana sababu ya kukataa kuazimisha.

Ndiyo maana pia rafiki wa kweli, siku anapoona mwenzake amekomaa, anamhimiza aingie na wavu wake mwenyewe, hata ukiwa mfupi, kuliko kumpa wa kwake ulio mrefu na mzuri. Wavu mfupi wa kijana ndio unaoweza kumpa jina.

Asubuhi ya kuwinda

Kambi yenye nyavu sita ao saba inaweza kuwinda, lakini duara yake ni ndogo na nyama wengi wanapita pembeni. Zikifika thelathini, kambi imekuwa kubwa mno na ugomvi unaanza. Mahali pazuri ni katikati ya hapo.

Asubuhi moto unawashwa chini ya mti, kwenye njia ya wawindaji, kwa heshima ya pori. Mara nyingi vijana ndio wanaotangulia kuuwasha. Wakubwa hawafurahi kabisa kuona watu wamegombana usiku. Wambuti wana neno akami kwa kelele na mvurugo, na ekimi kwa utulivu. Akami ikiingia kambini, wanasema, uwindaji unaharibika. Mtu anaweza kuliita jambo hilo imani tu. Lakini uwindaji wa nyavu unataka watu ishirini ao zaidi wasikilizane bila kusema neno, kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi nyuma ya majani. Wawili walionuniana tangu jana wanaacha mlango kati ya nyavu zao, na mlango mmoja unatosha. Kijana anayetaka kufaulu siku yake ya kwanza, mzee atamwambia kwanza: “Usilete maneno asubuhi.”

Kisha safari. Wanaume wanabeba nyavu zimeviringwa begani. Wakifika fasi iliyochaguliwa wanatandika kwa haraka na bila sauti, kila mmoja anafunga mwisho wa wavu wake kwa mwanzo wa mwingine, wanautundika kwenye vichaka na miti midogo, na chini wanahakikisha hakuna nafasi. Mstari unakuwa nusu duara wa mamia ya meta. Wanawake na watoto wanazunguka upande ule mwingine. Wakipewa ishara, wanakuja mbele wakipiga makelele na kupiga majani, na nyama waliolala wanaamka na kukimbia kuelekea kimya. Kimya ndiko nyavu ziliko.

Inafanyika mara kadhaa kwa siku moja. Mara nyingi anakamatwa mboloko, swala mdogo wa kilo tano hivi, na huyo hampi mtu jina kubwa. Swala wekundu wa kilo karibu ishirini ni habari nyingine. Yule mwenye mgongo wa manjano anaweza kupita kilo sitini, na akiingia wavuni kwa mbio anaubeba wote pamoja na vijiti vyake.

Dakika ile moja

Kijana anasimama nyuma ya wavu wake, amejificha, mkuki chini. Makosa yake yanajulikana mbele hata hajayafanya. Anasogea ili aone vizuri, nyama anamwona, anageuka. Ao anarusha mkuki mapema sana, nyama akiwa hajanaswa. Ao ananaswa, na kijana anasimama tu, anatetemeka, huku fundo linafunguka.

Kwa hiyo anawekewa mtu karibu. Mara nyingi ni yaya wake, ao rafiki wa umri wake aliyetangulia kuua. Hasimami kwenye wavu uleule. Yuko kwenye wavu wa jirani, meta chache. Kazi yake ya kwanza ni kutofanya kitu. Nyama akianguka wavuni, anangoja mwenzake aanze. Akiona amekawia ndipo anaruka kushika miguu ya nyuma, sababu kwato za swala zinachana tumbo la mtu kama kisu, na nguruwe wa pori akiwa na meno yake ni hatari kupita. Lakini mkuki anamwachia mwenye wavu. “Piga, ni wako!” ndilo neno ambalo kijana atalikumbuka.

Inaonekana ni kitu kidogo. Kwa mwindaji mzoefu ni kigumu sana, sababu mkono wake unataka kumaliza kazi wenyewe. Nyama akipotea kwa sababu alingoja, kambi nzima inakula muhogo mtupu jioni hiyo, na yeye ndiye atakayeulizwa. Wengine wanakosa uvumilivu, wanaua wao, na kijana anarudi nyumbani na nyama lakini bila jina. Wazee wanalitambua kosa hilo na hawalisifu.

Wanawake nao wanaweza kumsaidia ao kumnyima. Wao ndio wanaochagua mahali pa kuanzia kelele na njia ya kupitia. Mama ao dada anayejua wavu wa kijana uko upande gani anaweza kukaza kelele upande ule mwingine, ili nyama waelekezwe kwake. Hakuna anayelitangaza. Wanaume waliokaa kwenye mstari wanaelewa, na siku ya kijana wa kwanza wanaliacha lipite.

Wizi wa kutangulia

Kuko pia msaada ambao mtu anajipa mwenyewe, na huo hausamehewi. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti wa Epulu miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka wa 1961, alisimulia habari ya mwanaume mmoja aliyechoka kuona nyavu za wengine zinajaa. Siku moja alitoka kwenye mstari kwa siri na kutandika wavu wake mbele ya zile za wenzake, apate kukamata nyama wa kwanza waliokimbia kelele. Alipata. Alionekana pia. Jioni kambi ilimgeukia: vijana hawakumwachia kiti, watu walimcheka na kumsema mbele ya wote, na mwisho nyama wake ilichukuliwa kutoka vibanda vya jamaa yake. Alilia. Hakupigwa, wala hakufukuzwa, na usiku huohuo alikaa tena na wenzake kuimba.

Habari hiyo inaeleza vizuri mpaka uko wapi. Kumpa kijana fasi nzuri, kumsukumia nyama, kumwachia mkuki: hayo yote ni sawa sababu mstari umebaki mmoja. Aliyetangulia mbele ya mstari aliwaibia hata watoto waliokuwa wakipiga majani.

Waefe na wawindaji wa tembo

Kwa watu wa upinde mambo ni tofauti kidogo. Mwefe anaweza kuwinda peke yake, kwa mfano kukaa juu ya mti wenye matunda yanayoanguka na kungoja swala waje kula asubuhi ao jioni. Msaada hapo ni wa maneno: mti gani, upepo unatoka wapi, kaa kimya kadiri gani. Kwa mawindo ya pamoja wanatumia mbwa wasiobweka sana, wenye kengele ya mti shingoni, na wanaume wanajipanga na pinde zao njiani. Mshale mmoja hauangushi swala mkubwa mara moja. Kazi inayobaki ni kufuata damu, na ndiyo inayomshinda anayeanza. Mwenzake mwenye macho ya kusoma majani yaliyovunjika ana thamani kupita mshale wa chuma.

Zamani kulikuwa pia wawindaji wa tembo, wachache katika kila eneo. Walijipaka mavi ya tembo kwa kuficha harufu ya mtu, walimkaribia mpaka kumgusa karibu, wakamchoma kwa mkuki mfupi na kukimbia. Kisha walimfuata siku nzima ao zaidi, na akianguka kambi yote ilihamia penye nyama. Mwanafunzi wa kazi hiyo alitembea nyuma ya bwana wake mara nyingi kabla ya kuruhusiwa kuushika mkuki. Yanasimuliwa leo kama historia, na yabaki historia: tembo analindwa na sheria kabisa, na atakayemgusa anakwenda gereza, awe na mkuki ao na bunduki.

Alama na mafungu

Turnbull aliandika kwamba kijana akiua nyama wake wa kwanza wa kweli, mwindaji mzoefu alimchanja mikato midogo kwenye paji la uso na kupaka humo dawa ya majivu ya mimea ya porini. Tangu hapo yeye ni mwindaji, na wote wanaomwangalia wanajua. Kijana huyo aliweza pia kupeleka nyama kwa wazazi wa msichana aliyemtaka, kuonyesha kwamba binti yao hatalala njaa. Kijana wa makamo asiyekuwa na nyama wa kwanza alibaki akiongea na wasichana tu.

Kugawa kunafanyika palepale ao kambini. Mwenye wavu, aliyechoma wa kwanza, aliyemshika, aliyebeba, kila mmoja na fungu lake linalojulikana, kisha mafungu hayo yanagawanywa tena jikoni mpaka kila moto una chungu. Siku ya nyama wake wa kwanza, kijana anaona sehemu kubwa ya nyama yake ikiondoka mikononi mwake. Wenzake wanamchunguza uso. Akigawa bila kununa, wamejua atakuwa jirani wa namna gani.

Kilichobadilika

Tangu miaka ya 1950 wachuuzi wa nyama walianza kufuata kambi za nyavu kutoka barabarani, wakibeba unga wa muhogo, mchele, chumvi, nguo. John Hart, Mwamerika aliyekaa sana Ituri, alichapisha mwaka wa 1978 uchunguzi juu ya mabadiliko hayo: nyama iliyokuwa chakula cha kambi ilikuwa imeanza kuwa mali ya soko. Nyama ikiwa na bei, mafungu yanapunguka. Mwenye wavu anaangalia mchuuzi kabla ya kumwangalia jirani, na kijana anajifunza kuhesabu franka siku ileile anapojifunza kushika mkuki.

Kisha vita. Silaha zilienea, na watu wa bunduki waliingia porini kuliko zamani. Waya wa breki ya kinga umekuwa mtego unaopatikana kila soko, wa bei ndogo, unaonasa usiku na mchana bila kuchagua. Unamkamata mwenye mimba, mtoto, okapi, mbwa wa jirani. Mwenye mitego mingi hawezi kuitembelea yote kwa wakati, na nyama anaoza kwenye waya bila kuliwa na mtu. Kwa swala wa pori, wanaozaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, hasara hiyo hairudi upesi. Na kwa habari ya kujifunza, mtego wa waya hauhitaji rafiki. Kijana wa miaka kumi na minne anaweza kutega hamsini, kuuza, kununua simu, na asijue kusoma hata alama ya kwato.

Kijana wa leo asitoke bila kujua haya

Anayetaka kweli kumsaidia mwenzake kwa nyama kubwa ya kwanza, leo anapaswa kumwambia mambo ambayo babu zao hawakuhitaji kuambiana.

La kwanza ni fasi. Ndani ya hifadhi za taifa, Virunga, Maiko, Kahuzi-Biega, Garamba, kuwinda kumekatazwa kabisa, kwa mkuki ama kwa wavu, na desturi haiwi utetezi mbele ya walinzi. Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoundwa mwaka wa 1992 na yenye ukubwa wa karibu kilometa za mraba 13.700, ina utaratibu wake: watu wanaishi ndani, na kuko maeneo ambamo uwindaji wa kimila kwa ajili ya chakula unakubaliwa na mengine ambamo haukubaliwi. Mipaka hiyo haionekani kwa macho porini. Mkubwa wa kambi ao chifu ndiye wa kuuliza, pamoja na watu wa ICCN walio karibu.

Nje ya hifadhi kuko sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Inataka kibali, na kati ya vibali inavyotaja kuko kile cha pamoja kwa watu wa eneo moja. Kuko pia majira ya kufunga uwindaji, yanayotangazwa na wakubwa wa jimbo. Silaha za vita haziruhusiwi kwa kuwinda, na sumu na moto vilevile. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 imeongeza ulinzi wa viumbe. Na tangu tarehe 15 Julai 2022 kuko sheria namba 22/030 juu ya haki za watu wa asili, Wambuti wakiwemo, inayotambua desturi zao na haki zao juu ya ardhi na mali ya pori. Haifuti zile za kulinda nyama. Wakubwa wengi wa vijiji hawajaiona hata karatasi yake, na hapo mafundisho ya redio yana kazi.

La pili ni nyama wasioguswa: okapi, tembo, sokomutu, na kakakuona ambaye wengi wanamwita pangolini. Kwa pangolini wa aina zote, biashara kati ya nchi imefungwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka wa 2016. Kwa okapi, kosa linaweza kufanyika kwa dakika moja. Katika giza la pori mtu anaona kwanza kitu chekundu-cheusi kinachosogea, na kijana mwenye moyo unaodunda anaweza kuwaza ni swala mkubwa wa ndoto yake. Mistari myeupe kwenye matako na miguu ndiyo alama. Rafiki aliye pembeni anafaa kumfundisha neno moja mapema: kabla ya kuona mwili wote, mkuki unabaki chini. Okapi akiingia upande wenu, wavu unainuliwa apite. Jike wake anabeba mimba zaidi ya miezi 14 na kuzaa mmoja. Na watu wa Epulu hawajasahau mwezi wa Juni 2012, watu wa bunduki waliposhambulia kituo, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale.

La tatu ni usalama wa watu wenyewe. Kundi la wanaume wenye mikuki wakitoka alfajiri kwenye njia ambayo makundi yenye silaha yanapita, katika Mambasa, Irumu ao Beni, linaweza kuchukuliwa vibaya na kila upande. Kumwarifu chifu wa kijiji mbele ya kutoka, kusema ni wangapi na wanarudi lini, si kupoteza wakati. Kukisikika risasi upande fulani, uwindaji wa siku hiyo umekwisha, hata kama nyavu zimetandikwa na kijana amengoja mwaka mzima.

La mwisho linahusu kisu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukaingia Ituri na kufikia mwisho tarehe 25 Juni 2020, uliua zaidi ya watu 2.200. Wengi waliambukizwa na wagonjwa wenzao, lakini virusi hivyo vinajulikana kuweza kuingia kwa watu kutoka kwa nyama wa pori. Kijana anayerudi mikono mitupu siku tatu mfululizo anaweza kukuta swala amelala njiani, bado mzima wa kuangalia, bila jeraha. Ni jaribu kubwa: hakuna atakayejua kwamba hakumuua yeye. Nyama aliyekutwa amekufa, ao anayezunguka amelewa bila kukimbia watu, haguswi, haliwi, haletwi kambini, na wahudumu wa afya wa eneo wanaarifiwa. Na aliye na kidonda mkononi, hata akiwa ndiye mwenye wavu, siku hiyo anamwachia mwenzake kazi ya kuchuna.